Mchungaji hafungwi kwa kukataa kufungisha ndoa, ila ukumbi wa kanisa una maswali yake

Swali: "Bwana Yesu asifiwe, wakili. Mimi ni mchungaji wa kanisa la Kipentekoste hapa Lexington, Kentucky. Waumini wetu wengi wametoka Kongo, wengine Burundi na Tanzania. Tumenunua jengo lenye ukumbi, na Jumamosi tunaukodisha kwa harusi na sherehe ili tupate kulipa mkopo wa benki. Sasa kwenye magrupu ya WhatsApp watu wanasema kwamba, kwa kuwa ndoa ya jinsia moja ni halali Marekani nzima, nikikataa kuifungisha nitatupwa jela kama yule karani wa Morehead. Tena binti mmoja wa kanisani amepata kazi kwenye ofisi ya karani wa kaunti, na mama yake anamkataza kuichukua. Niwaambie nini watu wangu?"

Amina, Mchungaji. Nianze na linalokunyima usingizi. Hakuna hakimu, gavana wala polisi katika nchi hii mwenye uwezo wa kukulazimisha kufungisha ndoa ambayo imani yako haiikubali. Hilo si kwa ndoa ya jinsia moja peke yake. Ukimkatalia mtu kwa sababu ameacha mke wake, au hajabatizwa, au hajamaliza mafundisho ya ndoa, uamuzi ni wako na wa kanisa lako. Talaka ni halali Marekani tangu zamani, na padri Mkatoliki bado anakataa kumfungisha ndoa nyingine mtu aliyepewa talaka na mahakama. Hakuna mahakama iliyomlazimisha. Kinga hiyo inatoka kwenye Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yanayolinda uhuru wa dini, na hukumu ya ndoa ya jinsia moja haikuigusa.

Hukumu yenyewe ni ya tarehe 26 Juni 2015, kesi ya Obergefell dhidi ya Hodges. Majaji 5 wa Mahakama ya Juu waliunga mkono, 4 wakapinga. Inafaa watu wako wajue ilihusu nini hasa, maana inasemwa sana na haijulikani. Jim Obergefell aliishi Ohio na mwenzake, John Arthur, aliyekuwa mgonjwa wa kitandani na siku zake zilikuwa zimebaki chache. Mwaka 2013 walikodi ndege yenye vifaa vya hospitali, wakaruka hadi Maryland ambako ndoa yao iliruhusiwa, wakafungishwa humo humo ndani ya ndege ikiwa imesimama uwanjani, wakarudi nyumbani. Alichokwenda kudai mahakamani ni kwamba mwenzake akifa, cheti cha kifo kimtaje yeye kuwa mwenzi aliyebaki. Kesi yake iliunganishwa na nyingine kutoka Michigan, Tennessee na hapa hapa Kentucky. Wote walilidai jimbo: leseni ya jimbo, cheti cha jimbo, mirathi, kodi, haki za mzazi. Hakuna aliyelidai kanisa kitu. Na Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika hukumu hiyo, aliweka humo maneno ya wazi kwamba watu wa dini na taasisi zao wanaendelea kuwa na haki ya kufundisha, kwa imani yao yote, kwamba Mungu hakubali ndoa hizo.

Kinachowachanganya wachungaji wengi ni ile karatasi. Maharusi wanachukua leseni kwa karani wa kaunti, wanakuletea, ukimaliza ibada unaijaza na kutia sahihi, kisha inarudi kwa karani. Ukitia sahihi unajiona umekuwa mtumishi wa serikali. Hujawa. Sheria ya Kentucky inakupa ruhusa ya kufungisha ndoa, haikupi amri. (Hapo hapo nikukumbushe: usifungishe ndoa isiyo na leseni ya kaunti, hata kama wahusika walichumbiana kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na mahari ikatolewa mbele ya wazee wote. Jambo hilo linaweza kukuletea matatizo ya kweli, na nimeona makanisa yetu yakilichukulia kwa wepesi.)

Sasa yule karani wa Morehead. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu kisa chake ndicho kinachotumiwa kuwatisha watu wako, na kinasimuliwa nusu.

Kim Davis alikuwa karani wa Kaunti ya Rowan, na makao yake ni Morehead. Alichaguliwa kwa kura, akaapa. Hukumu ya Juni 2015 ilipotoka, alisimamisha kutoa leseni za ndoa kwa watu wote, hata kwa mwanamume na mwanamke, ili asionekane anabagua. Wapenzi kadhaa wa kaunti ile, wa jinsia moja na wa jinsia tofauti, walikwenda mahakamani. Jaji wa shirikisho, David Bunning, alimwamuru atoe leseni. Alikata rufaa, akaomba amri isitekelezwe wakati rufaa ikiendelea, na tarehe 31 Agosti Mahakama ya Juu ilimkatalia. Kesho yake, mbele ya kamera, wanaume wawili walisimama kaunta kwake wakamuuliza anawanyima leseni kwa mamlaka ya nani. Akajibu: kwa mamlaka ya Mungu. Tarehe 3 Septemba jaji alimpeleka jela kwa kudharau amri ya mahakama. Alikaa siku tano. Manaibu wake, isipokuwa mmoja, walikubali kutoa leseni, na alipotoka alipewa sharti asiwazuie.

Uone tofauti, Mchungaji. Mama huyu hakufungwa kwa kuamini. Hakufungwa kwa kuhubiri, wala kwa kukataa kuhudhuria harusi ya mtu. Alikuwa ameshika muhuri wa kaunti, na bila muhuri ule hakuna mkazi wa Rowan aliyeweza kupata leseni ya ndoa katika kaunti anayoilipia kodi. Alisema dhamiri yake haimruhusu kutoa leseni, nami naiheshimu dhamiri hiyo, lakini aliwazuia pia manaibu ambao dhamiri zao ziliwaruhusu. Hapo ndipo alipoivuka mipaka ya uhuru wa dini akaingia kwenye kutumia ofisi ya umma kuwafungia mlango wananchi wengine. Sisi tuliotoka nchi ambako afisa akikukasirikia faili lako linapotea, tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa kwa nini sheria haitaki kaunta ya serikali iendeshwe kwa imani ya aliyekaa nyuma yake. Siku afisa huyo akiwa mtu anayeamini kwamba wakimbizi hawatakiwi hapa, utataka sheria hiyo hiyo ikulinde.

Hata hivyo naamini kwa dhati kwamba mama yule hakuhitaji kufika jela, na lawama naiweka kwa wanasiasa. Makarani kadhaa wa Kentucky walimwomba Gavana Steve Beshear aitishe kikao maalumu cha bunge la jimbo ili utaratibu wa leseni urekebishwe. Alikataa. Mwisho wa mwaka huo huo gavana mpya, Matt Bevin, aliondoa jina la karani kwenye fomu ya leseni, na Aprili 2016 bunge likaweka fomu moja kwa watu wote. Leseni zikatoka, na karani hakulazimika kuweka jina lake kwenye ndoa anayoipinga. Dawa ilikuwepo tangu mwanzo. Wakubwa waliiacha kaunta ndogo ya Morehead iwake moto huku wagombea urais, Mike Huckabee na Ted Cruz, wakifika pale jela siku ya kuachiliwa kwake.

Yaliyofuata hayasemwi sana kwenye magrupu. Mwaka 2018 alishindwa uchaguzi. Mwaka 2023 baraza la raia walioamua kesi ya madai lilimwamuru awalipe David Ermold na David Moore, wanaume waliorudishwa kaunta zaidi ya mara moja, dola 50,000 kila mmoja. Juu ya hapo kuna gharama za mawakili wao, zaidi ya dola 260,000. Alikwenda hadi Mahakama ya Juu akiomba pia hukumu ya 2015 ifutwe kabisa. Tarehe 10 Novemba 2025 majaji walikataa kuisikiliza kesi yake. Kwa hiyo anayewaambia watu wako kwamba ndoa hizi zitafutwa kesho na kesi hiyo, amepitwa na wakati.

Hofu ya kodi nitaipita haraka. Ni kweli wakati kesi ya Obergefell inasikilizwa, swali liliulizwa kama taasisi za dini zinazopinga ndoa hizi zitanyang'anywa msamaha wa kodi, kwa kuwa mwaka 1983 Mahakama ya Juu ilikubali Chuo cha Bob Jones kinyang'anywe msamaha huo kwa kuwakataza wanafunzi wa rangi tofauti kuchumbiana. Zaidi ya miaka 10 imepita tangu hukumu ya 2015 na hilo halijawapata makanisa. Sheria ya Kuheshimu Ndoa, sheria ya shirikisho inayotambua ndoa hizi, iliyotiwa sahihi na Rais Biden Desemba 2022, inasema yenyewe kwamba haigusi msamaha huo. Usipoteze Jumapili nzima kuhubiri juu yake.

Tuje kwa binti. Mama yake anamwona Kim Davis wa pili, lakini hali zao hazifanani. Davis alikuwa mkuu wa ofisi, kiongozi wa kuchaguliwa. Binti ni mwajiriwa wa kawaida, na sheria ya kazi inamtaka mwajiri ajitahidi kuipa nafasi imani ya mfanyakazi wake. Juni 2023, katika kesi ya Gerald Groff, msambaza barua wa posta aliyekataa kufanya kazi Jumapili, Mahakama ya Juu ilisema kwa kauli moja kwamba mwajiri hawezi kukataa kwa kisingizio cha usumbufu mdogo. Lazima aonyeshe kuwa ombi lingempa mzigo mkubwa katika uendeshaji wa kazi yake.

Tena mama huyo ajue kazi ya ofisi ile ni nini. Karani wa kaunti Kentucky anasajili magari, anatunza hati za ardhi na nyumba, anaandikisha wapiga kura. Leseni za ndoa ni sehemu ndogo ya foleni. Ofisi yenye wafanyakazi kadhaa inaweza kupanga kwamba ndoa zishughulikiwe na mwingine, na yeye ashike magari. Mwambie asisubiri mpaka watu wawili wasimame mbele yake ndipo aanze kutafuta maneno. Amwone msimamizi mapema, amweleze kwa adabu, aandike ombi lake na abaki na nakala. Na siku akiwa peke yake kaunta, waliokuja wahudumiwe bila kuaibishwa: awasalimu, awape viti, amwite mwenzake. Kama ofisi ni ndogo kiasi kwamba hakuna mwenzake, aamue kabla ya kuanza kazi kama anaiweza. Mimi ningemshauri aichukue. Jamii yetu inahitaji mtu anayejua Kiswahili pale ndani kuliko tunavyohitaji mtu wa kukaa nyumbani kwa hofu. Lakini dhamiri ni yake. Si yangu, wala si ya mama yake.

Umeniuliza juu ya ukumbi kama jambo la kupitia tu. Kwangu mimi ndilo jambo lenyewe, maana hapo sheria inabadilika kulingana na nani mwenye ukumbi, uko mji gani, na mnaukodisha kwa nani.

Lexington ina kanuni ya mji, tangu 1999, inayokataza biashara zinazohudumia umma kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia anayoipenda. Louisville nayo iliweka yake mwaka huo huo. Sheria ya jimbo zima la Kentucky haina kipengele hicho, ndiyo maana kaka yako mchungaji wa kaunti ya jirani anaweza kukupa ushauri ambao kwake ni sahihi na kwako ni mtego.

Upande wa pili wa mizani una uzito wake. Ile Sheria ya Kuheshimu Ndoa ya 2022 inasema taasisi ya dini isiyo ya kibiashara, na inayataja makanisa na misikiti kwa jina, hailazimishwi kutoa huduma, jengo wala vifaa kwa ajili ya kufungisha au kusherehekea ndoa, na kukataa kwake hakumpi mtu haki ya kuishtaki. Kentucky pia ina sheria yake ya kulinda uhuru wa dini, iliyopitishwa 2013 baada ya bunge kuishinda kura ya turufu ya gavana. Kwa hiyo kanisa likiwa ndilo mwenye jengo na ndilo linaloamua, mmesimama pazuri.

Hapa naomba uende kabatini utoe hati. Jengo limeandikwa kwa jina la nani? Nimeona mara nyingi wazee wa kanisa, kwa nia njema, wakifungua kampuni ya kukodisha ukumbi kwa sababu benki au mhasibu amewashauri hivyo. Kampuni ile haina ibada, haina waumini, inatafuta faida. Kinga niliyoitaja imeandikwa kwa taasisi ya dini isiyo ya kibiashara, na kampuni ya wazee watatu haiwi kanisa kwa sababu wazee wake wameokoka. Kama ndivyo mlivyofanya, hilo ndilo la kwanza kurekebisha.

La pili ni mnavyojitangaza. Kuna kisa cha Ocean Grove, New Jersey, ambako jumuiya ya Wamethodisti ina banda lake ufukweni. Walilitumia kwa ibada, lakini pia walilikodisha kwa harusi za watu wote bila kuuliza dini, na walipata msamaha wa kodi kwa sharti kwamba lifunguliwe kwa umma. Mwaka 2007 wanawake wawili waliomba kufanyia hapo sherehe yao, wakakataliwa, na mwaka 2012 jaji wa masuala ya utawala alisema jumuiya imevunja sheria ya jimbo. Banda lilikuwa la dini, lakini walikuwa wameligeuza ukumbi wa kila mtu. Sheria ya 2022 haikuwepo wakati ule, na leo wangejitetea vizuri zaidi. Bado somo lake kwenu ni kubwa: bango la "ukumbi wa kukodisha, karibuni wote" linazungumza mahakamani kuliko mahubiri yako.

Ambaye si kanisa ana hali ngumu zaidi. Mke na mume wa New York waliokuwa wakikodisha shamba lao kwa harusi, Liberty Ridge, walikataa harusi ya wanawake wawili mwaka 2012. Walitozwa jumla ya dola 13,000, na mahakama ya rufaa ikalithibitisha hilo mwaka 2016. Ushahidi mkubwa ulikuwa simu: mmoja wa wale wanawake alikuwa amerekodi mazungumzo. Ninalitaja hili kwa sababu najua kwenu simu ya ukumbi inashikwa na kijana yeyote aliyepo ofisini siku hiyo. Mfundishe. Anayepiga simu anatafuta mahali pa kufanyia siku kubwa ya maisha yake. Anastahili kujibiwa kama binadamu. Aambiwe kwamba ukumbi ni wa kanisa na hutolewa kwa mujibu wa kanuni za kanisa, kisha apelekewe kanuni hizo. Asihubiriwe, asitukanwe, asichekwe. Nimesoma majalada ya kesi hizi ambamo mtu angeweza kumsamehe aliyemkatalia, lakini hakuweza kusamehe namna alivyokataliwa.

Waumini wako wenye biashara zao, wapiga picha, wapambaji, washonaji, watauliza nao. Kwa ufupi: Juni 2023, kesi ya 303 Creative kutoka Colorado, Mahakama ya Juu ilisema kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba jimbo haliwezi kumlazimisha mtengenezaji wa tovuti kubuni ujumbe wa ndoa asioamini. Mpiga picha mmoja wa Louisville alikuwa ameshashinda hoja ya namna hiyo mwaka 2022. Hapo Lexington penu, kiwanda cha kuchapa fulana cha Hands On Originals kilikataa mwaka 2012 kuchapa fulana za tamasha la wapenzi wa jinsia moja. Kesi ilizunguka mpaka 2019, ndipo Mahakama ya Juu ya Kentucky ilipoifuta, ikisema kanuni ya mji humlinda mtu, na aliyelalamika lilikuwa shirika. Miaka saba ya mawakili, na swali lenyewe halikujibiwa. Kubuni ujumbe kunalindwa. Kukodisha viti, mahema na masufuria ya pilau si kubuni ujumbe, na anayefanya kazi hiyo asijidanganye kwamba kesi hizi ni kinga yake.

Kwa hiyo kaeni na wazee, muandike kanuni za ukumbi kabla ya kupokea harusi nyingine. Ziseme ukumbi ni mali ya kanisa na ni sehemu ya huduma yake. Ziseme kanisa linaamini nini juu ya ndoa, na kwamba sherehe za ndoa ndani yake ni za waumini, au za wale ambao mchungaji amekubali kuwafungisha. Kisha zifuateni kwa kila mtu. Kama mnamkodishia mume wa mtu anayeoa mke wa pili kwa siri, au wasioamini kabisa, kwa sababu wamelipa vizuri, halafu mnaikumbuka imani siku wanaume wawili wanapopiga simu, jaji ataona mnachokilinda si imani. Mimi nami nitaona hivyo. Mkitaka pesa za kila mtu, basi kodisheni kwa mikutano, semina na mahafali, harusi za nje mziache kabisa. Makanisa kadhaa yamechagua njia hiyo, na ni ya heshima.

Mikataba mliyokwisha kuitia sahihi msiivunje kwa kanuni mpya, hata kama imewapa wasiwasi. Malipo ya awali mliyopokea yaheshimuni. Rasimu ya kanuni ikishakamilika, mpelekee wakili mwenye leseni ya Kentucky pamoja na hati ya jengo na cheti cha usajili wa kanisa, na mpelekee pia wakala wenu wa bima, kwa sababu bima nyingi za makanisa hazigharimii kesi inayotokana na ukodishaji msiouandika kwenye fomu yao.